Oklahoma 1971, Miami 1994 au Florida 1995: nani alikuwa mgumu kuliko wote mbele ya Nebraska?

Kwenye chumba cha mapumziko cha ghala tunakofanya kazi hapa Omaha kuna ubishi usiokwisha. Wazee wa zamu ya asubuhi, wazaliwa wa jimbo hili la Nebraska, wakishashika vikombe vyao vya kahawa swali huwa lile lile: katika timu zote ambazo Nebraska ilizifunga ilipokuwa mfalme wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ipi ilikuwa ngumu kuliko zote? Mmoja anasema Oklahoma. Wa pili anagonga meza, Miami. Vijana wanaitaja Florida. Miaka yangu ya mwanzo nilisikiliza tu, sielewi hata mpira unachezwaje. Sasa naelewa, na nina msimamo.

Juzi mwenzangu mmoja, mzaliwa wa Uvira, alinivuta pembeni. "Ndugu, hawa wazee wanabishania nini kila siku? Na mimi nikitaka kuangalia mechi moja tu ya zamani, niangalie ipi?" Muda wa mapumziko haukutosha kumjibu, kwa hiyo jibu lake ni hili.

Nebraska haina timu kwenye ligi kuu ya kulipwa ya futiboli. Ina Chuo Kikuu cha Nebraska kule Lincoln, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa, na Jumamosi ya mechi mji mzima unavaa nyekundu. Uwanja wao, Memorial Stadium, unaingiza zaidi ya watu 80,000, na tangu Novemba 1962 tiketi zimeisha kila mechi. Timu imetwaa ubingwa wa taifa mara 5: misimu ya 1970 na 1971 chini ya kocha Bob Devaney, kisha 1994, 1995 na 1997 chini ya Tom Osborne, aliyekuwa msaidizi wa Devaney na kurithi kiti chake 1973. Ule wa 1997 waligawana na Michigan, kwa sababu zamani bingwa alipatikana kwa kura za waandishi na za makocha, na mwaka ule kura hizo hazikukubaliana.

Kwa ambaye bado hajauzoea mchezo wenyewe: timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kuusogeza yadi 10. Ikifaulu inapata mengine 4, isipofaulu inaukabidhi. Kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la adui ni tachidauni, pointi 6, na baada yake kuna teke la pointi 1 au jaribio la pointi 2. Teke la kupitisha mpira katikati ya milingoti ni pointi 3. Anayeanzisha kila shambulizi ni kwotabeki: yeye ndiye anayepokea mpira na kuamua aurushe, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Mechi kubwa za kufunga msimu, kama Orange Bowl, huchezwa Januari, lakini zinahesabiwa kwenye msimu ulioanza mwaka uliotangulia. Ndiyo maana "Miami ya 1994" ilifungwa Januari 1995.

Ubishi wa wazee wangu haufiki mwisho kwa sababu wanachanganya mambo matatu. Kuna mechi ngumu, kuna ushindi mtamu, na kuna mpinzani mgumu. Novemba 1997 Nebraska nusura ifungwe na Missouri. Zikiwa zimebaki sekunde chache, wakiwa nyuma kwa pointi 7, kwotabeki Scott Frost alirusha pasi iliyomgonga Shevin Wiggins. Wiggins akiwa anaanguka chali aliupiga mpira kwa mguu, ukapaa, na Matt Davison akajirusha akaudaka inchi chache kutoka kwenye nyasi. Wakasawazisha, wakashinda 45–38 katika muda wa nyongeza. Sijui kama kuna mechi iliyowatoa jasho zaidi ya ile. Lakini Missouri ile ilimaliza msimu imefungwa mechi 5. Mechi ilikuwa ngumu, mpinzani alikuwa wa kawaida.

Mpinzani mgumu mimi nampima hivi: ondoa ile mechi aliyocheza na Nebraska, halafu utazame alichofanya msimu mzima. Kisha uulize mechi ilichezwa nyumbani kwa nani, na Nebraska ililazimika kufanya nini ili ishinde. Wagombea wangu ni hawa sita.

| Mpinzani | Tarehe | Mahali | Matokeo | Vipigo vingine msimu huo |
|---|---|---|---|---|
| Oklahoma | 25 Novemba 1971 | Norman, nyumbani kwa Oklahoma | 35–31 | 0 |
| Alabama | 1 Januari 1972 | Miami | 38–6 | 0 |
| Oklahoma | 11 Novemba 1978 | Lincoln, nyumbani kwa Nebraska | 17–14 | 0 |
| Miami | 1 Januari 1995 | Miami, nyumbani kwa Miami | 24–17 | 1 |
| Florida | 2 Januari 1996 | Tempe, Arizona | 62–24 | 0 |
| Tennessee | 2 Januari 1998 | Miami | 42–17 | 1 |

Safu ya mwisho ndiyo naomba uikazie macho. Wanne kati ya hawa hawakufungwa na mtu mwingine yeyote msimu mzima.

Wawili wa kuwapitia haraka

Tennessee ya 1997 ilikuwa na Peyton Manning, jina linalojulikana hata na wasiofuatilia mchezo huu, na ilikuwa bingwa wa kanda yake ya kusini. Lakini Manning aliingia na goti bovu, na timu yake ilikuwa imeshafungwa na Florida Septemba. Ahman Green alikimbia yadi 206, Frost akafunga tachidauni 3 kwa miguu yake, na Osborne akastaafu na ushindi huo. Siku nzuri ya kuaga. Mpinzani mgumu kuliko wote, hapana.

Alabama ya 1971 inastahili heshima zaidi. Kocha wake, Bear Bryant, alikuwa ameinyoosha Nebraska mara mbili mfululizo katika mechi za Januari 1966 na 1967, na safari hii alikuja na ushindi wa mechi 11 bila doa. Johnny Rodgers wa Nebraska alirudisha mpira wa teke (ule unaopigwa mbali kuukabidhi kwa adui) yadi 77 hadi tachidauni, na kufika mapumziko ilikuwa 28–0. Tatizo la kuitetea Alabama ni kwamba ilicheza wishiboni, mfumo wa kukimbia na mpira nitakaoueleza mbele, ulioingizwa mwaka ule ule, na Nebraska ilikuwa imetoka kupambana wiki chache nyuma na timu iliyoucheza mfumo huo vizuri kuliko yeyote. Timu hiyo nitaifikia.

Florida 1995: kipigo kinachoficha ubora

Vijana wanaoitaja Florida hujibiwa kwa matokeo tu: 62–24, mpinzani gani mgumu anafungwa hivyo? Jibu hilo linaionea Florida. Timu ya kocha Steve Spurrier ilikuja Tempe imeshinda mechi 12 kati ya 12, wastani wake ukiwa zaidi ya pointi 40 kwa mechi. Septemba ile ilikuwa imeifunga Tennessee pointi 62, na Tennessee hiyo ilimaliza msimu ikiwa ya 3 nchini. Kwotabeki wake, Danny Wuerffel, alitwaa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka uliofuata. Na mwaka huo huo uliofuata, Florida ikiwa na Wuerffel na Spurrier wale wale, ikawa bingwa wa taifa. Timu dhaifu haifanyi hivyo.

Na haikuanza vibaya. Robo ya kwanza iliisha Florida ikiongoza 10–6. Kisha Nebraska ikafunga pointi 29 katika robo ya pili pekee. Walichokifanya ni kutuma watu wengi zaidi kumfuata Wuerffel kuliko idadi ya wanaomlinda, wakijua wanaacha nafasi nyuma, lakini wakiamini hatapata muda wa kuiona. Wuerffel aliangushwa mara 7, moja ndani ya eneo lake mwenyewe, na hiyo peke yake ni pointi 2 kwa adui. Kwenye vyuo, yadi anazopoteza kwotabeki akiangushwa hutolewa kwenye hesabu ya mbio za timu, na Florida ilimaliza mechi ikiwa na yadi 28 chini ya sifuri. Nebraska ilikimbia yadi 524.

Kuna mbio moja ambayo kila mtu hapa anaikumbuka. Mwishoni mwa robo ya tatu Tommie Frazier, kwotabeki wa Nebraska, alikata upande wa kulia akanaswa na rundo la walinzi. Ukiitazama utaona wachezaji wengine wanaanza kupunguza mwendo, wakidhani ameshaanguka. Miguu yake haikusimama. Alitokea upande wa pili wa rundo lile akiwa peke yake, na akakimbia hadi mwisho, yadi 75.

Ninachosema kuhusu Florida ni kwamba ile mechi inatuonyesha Nebraska ya 1995 ilikuwa nani. Ilishinda kila mechi ya msimu kwa tofauti ya pointi 14 au zaidi, na wanne kati ya wapinzani wake walimaliza ndani ya kumi bora: Florida ya 2, Colorado ya 5, Kansas State ya 7 na Kansas ya 9. Mbele ya timu kama hiyo huwezi kupima ugumu wa mtu yeyote. Florida naipa nafasi ya tatu, na naamini Nebraska nyingine yoyote ingepata tabu nayo.

Miami 1994: ugumu wa mahali na wa historia

Mzee anayegonga meza ana sababu. Kwa watu wa umri wake, Miami haikuwa timu tu. Januari 1984 Osborne alikuwa na timu isiyofungwa, ikicheza na Miami kwenye Orange Bowl, mechi iliyochezwa kwenye uwanja wa jina hilo hilo, ambao ndio ulikuwa nyumbani kwa Miami. Zikiwa zimebaki sekunde 48, Nebraska ilipata tachidauni iliyofanya matokeo kuwa 31–30. Teke la pointi 1 lingeleta sare, na sare ingetosha karibu kwa hakika kuwapa ubingwa kwenye kura. Osborne akakataa sare, akaenda kutafuta pointi 2. Pasi ya Turner Gill ikaguswa na mlinzi Ken Calhoun, ikadondoka. Miami ikatwaa ubingwa wake wa kwanza. Wakakutana tena pale pale Januari 1989, 23–3, na Januari 1992, 22–0, mara zote Miami ikishinda. Januari 1994 walirudi uwanja ule ule dhidi ya Florida State na kufungwa 18–16, teke lao la mwisho likipita nje.

Kwa hiyo 1 Januari 1995 Nebraska iliingia ikiwa imefungwa mechi 7 mfululizo za Januari, kwenye uwanja ambao Miami iliwahi kushinda mechi 58 mfululizo. Mbele ya ngome ya Miami alisimama Warren Sapp, mshindi wa tuzo ya Lombardi, ya wachezaji wa mbele, mwaka ule, na nyuma yake Ray Lewis, kijana bado, ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa walinzi wakubwa wa ligi ya kulipwa. Frazier mwenyewe alikuwa amekosa sehemu kubwa ya msimu kwa sababu ya damu kuganda mguuni, na timu ilibebwa na Brook Berringer, kijana aliyefariki kwa ajali ya ndege ndogo Aprili 1996 na ambaye jina lake hapa bado linatajwa kwa sauti ya chini.

Miami iliongoza 10–0, kisha 17–7, kabla kwotabeki wake hajaangushwa ndani ya eneo lake mwenyewe, pointi 2 kwa Nebraska, 17–9. Robo ya nne ndiyo inayostahili kutazamwa polepole. Osborne aliwaambia vijana wake mapumziko kwamba walinzi wa Miami watachoka, na wasubiri. Sapp na wenzake walikuwa wepesi mno, wakitoboa safu ya mbele kabla mchezo haujakomaa. Nebraska ikaugeuza wepesi ule kuwa mtego, na kwa kweli hata kwa Kiingereza mchezo huo unaitwa mtego. Mchezaji wa mbele anamwachia mlinzi njia makusudi. Mlinzi anapita kwa kasi, anadhani amewahi. Halafu mwenzake mwingine anakuja kwa ubavu na kumsukuma pembeni, na pale alipotoka panabaki mlango wazi. Cory Schlesinger, mkimbiaji mnene mwenye kazi ya kufungulia wenzake njia, akapewa mpira kupita mlango huo. Tachidauni ya yadi 15, na pasi ya Frazier kwa Eric Alford ikaleta pointi 2 za kusawazisha, 17–17. Dakika chache baadaye, mtego ule ule, yadi 14, zikiwa zimebaki dakika 2 na sekunde 46. Ikawa 24–17, ubingwa wa kwanza wa Osborne baada ya misimu 22 akiwa kocha mkuu.

Mimi sikuwepo, lakini nimemwona mzee mwenye umri wa kuwa babu akifuta macho akisimulia robo ile. Kama swali lingekuwa ni ushindi upi uliokuwa na maana kuliko wote, nisingebishana naye.

Ila swali ni mpinzani. Na Miami ya 1994 ilikuwa imeshafungwa Septemba, nyumbani kwake, na Washington, 38–20. Ndicho kipigo kilichokata ule mfululizo wa 58. Baada ya Nebraska ilimaliza na vipigo 2, ikiwa ya 6. Ngome yake ilikuwa ya kutisha, lakini mashambulizi yake hayakulingana nayo, na robo ya nne karibu hayakusogea kabisa. Miami za 1983, 1987 au 1991 zilikuwa timu kubwa kuliko hii. Nebraska iliifunga Miami iliyopatikana kwenye zamu yake, na hofu waliyoingia nayo ilikuwa ya Miami za nyuma.

Oklahoma mbili

Kabla sijafika 1971 lazima nimtendee haki mgombea ambaye watu humsahau. Oklahoma ya 1978 ilifika Lincoln ikiwa ya kwanza nchini, imeshinda 9 kati ya 9, na Billy Sims, aliyetwaa Heisman mwaka ule. Osborne alikuwa hajawahi kumfunga Barry Switzer tangu awe kocha. Oklahoma ilidondosha mpira mara 9 na kuupoteza mara 6, na sehemu kubwa ni kwa sababu ya vishindo walivyokuwa wanapigwa. Mara ya mwisho ilikuwa Sims mwenyewe, akielekea kufunga, yadi 3 tu kutoka mwisho. Aliyeurukia mpira ule ni Jim Pillen, ambaye tangu Januari 2023 ndiye gavana wa Nebraska.

Hoja ya kuitetea Oklahoma hii ni nzito kwa sababu moja: walirudiana. Kura na mialiko zikaleta timu hizo hizo tena Orange Bowl, 1 Januari 1979, na Oklahoma ikashinda 31–24. Ni timu pekee kwenye jedwali langu iliyopata nafasi ya pili ndani ya msimu mmoja, na ikaitumia. Ukiniambia ndiyo ngumu kuliko zote nitakusikiliza. Kinachonizuia ni mahali, maana kipigo kilitokea Lincoln, na ile mipira 6. Timu inayodondosha namna hiyo imekusaidia, hata kama ni wewe uliyeitikisa.

Sasa 1971. Sikukuu ya Shukrani, 25 Novemba, Norman. Nebraska ya kwanza, Oklahoma ya pili, hakuna aliyefungwa. Wanaokadiriwa kuwa watu milioni 55 walitazama kwenye televisheni. Kwenye kikosi bora cha wachezaji 22 wa kanda yao, 17 walitoka timu hizi mbili.

Oklahoma ilicheza wishiboni. Nyuma ya kwotabeki wanasimama wakimbiaji watatu kwa umbo la ule mfupa wa kidari cha kuku wenye pembe mbili. Kwotabeki akipokea mpira ana njia tatu: ampe wa katikati, aushike akimbie mwenyewe, au amtupie wa pembeni. Haamui mapema. Anamtazama mlinzi mmoja, na popote mlinzi yule anapoegemea, mpira unaenda pengine. Jack Mildren aliufanya uamuzi huo kwa kasi ya kupepesa jicho, na pembeni alikuwa na Greg Pruitt, mkimbiaji aliyepata wastani wa yadi 9 hivi kila aliposhika mpira. Oklahoma ilikimbia wastani wa yadi 472 kwa mechi msimu ule. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo, na kwa jinsi mchezo ulivyogeukia pasi sioni nani ataivunja.

Nebraska iliamua kumzima Pruitt. Iliwapanga walinzi wake kuziba pembeni, na katikati ikamwachia kazi Rich Glover, kijana mwenye namba 79. Pruitt alipata yadi 53 tu. Lakini kuziba huko kulikuwa na bei: mdakaji Jon Harrison aliachwa na mtu mmoja, na Mildren na Harrison walikuwa wakipasiana tangu sekondari kule Abilene, Texas. Timu ya kukimbia ikaanza kurusha. Mildren alifunga mara 2 kwa miguu na kumrushia Harrison tachidauni 2. Hilo ndilo linalonishawishi kuliko takwimu yoyote: waliifungia Oklahoma mlango wake mkuu, na bado ikapata yadi 467 na pointi 31 mbele ya ngome bora ya nchi.

Nebraska ilianza kwa kishindo. Mapema robo ya kwanza Johnny Rodgers alidaka mpira wa teke, Pruitt akamgonga hapo hapo, Rodgers akazunguka, akagusa nyasi kwa mkono asianguke, na kuondoka nao yadi 72. Watu wa Oklahoma hadi leo wanasema kulikuwa na mtu aliyezuiwa kwa mgongo na filimbi haikupigwa. Nimeirudia mara nyingi na siwezi kuapa kwa upande wowote. Mechi nzima ilikuwa na adhabu moja tu, ya yadi 5, dhidi ya Nebraska.

Mapumziko, Oklahoma 17–14. Kisha Nebraska 28–17. Kisha Oklahoma ikarudi, 31–28, zikiwa zimebaki kama dakika 7. Na hapo Nebraska ikapata mpira, yadi 74 mbele yake, kelele za Norman nzima juu yake.

Jeff Kinney alikimbia, akakimbia tena. Enzi zile jezi zilishonwa za kuchanika ili zisishikwe, na ya Kinney ilikuwa imebaki matambara mabegani. Karibu na katikati ya uwanja wakafika jaribio la tatu, zikihitajika yadi 8. Jerry Tagge akabanwa, akatoka mbio, akarusha mpira wa chini. Rodgers akashuka nao karibu na nyasi, yadi 11. Pasi ile ingepotea, naamini leo wazee wangu wangekuwa wanasimulia kipigo. Kutoka hapo Kinney akabeba mzigo hadi mwisho, tachidauni yake ya 4, zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 38.

Oklahoma iliyoshindwa siku hiyo ilikwenda Sugar Bowl ikaifunga Auburn 40–22, Auburn iliyokuwa na Pat Sullivan, mshindi wa Heisman wa mwaka ule. Kura za mwisho za waandishi, zinazosimamiwa na shirika la habari la Associated Press, zilitoka hivi: Nebraska 1, Oklahoma 2, Colorado 3, Alabama 4. Kanda moja ilichukua nafasi zote tatu za juu, jambo ambalo halijatokea tena, na Nebraska ilikuwa imewafunga wote watatu waliomfuata.

Kwa hiyo kura yangu ni Oklahoma 1971, ya pili Oklahoma 1978, ya tatu Florida, ya nne Miami.

Lakini ndugu yangu wa Uvira aliuliza pia aangalie ipi, na hapo mpangilio unabadilika kidogo. Akitaka kucheka na kushangaa, na muda wake ni mfupi, Florida: robo ya pili na ile mbio ya Frazier zinatosha. Akitaka kuelewa kwa nini watu wazima wa jimbo hili wanalia kwa ajili ya mpira, Miami, aanzie robo ya nne. Ila akiwa na jioni nzima, aketi na mechi ya Norman kuanzia mwanzo. Picha ni za zamani, rangi zimefifia, na mwanzoni atahangaika kuona nani ana mpira, kwa sababu hata walinzi wa Nebraska walihangaika. Asiufuate mpira. Amtazame namba 79 katikati, kwenye kila mchezo wa Oklahoma. Alihesabiwa kuangusha watu 22 siku ile, na Oklahoma ilipojaribu kwa mara ya mwisho kuokoa mechi, jaribio la nne, ni mkono wa Glover uliopanda na kuupiga mpira wa Mildren ukaanguka chini.